Pointi haziwezi kubeba kijiji: tuliyopitia Nakivale na mfumo wa zawadi

Naandika hii kwa yeyote anayepanga kuanzisha kijiji cha mfano, shamba la pamoja, ushirika au hata kikundi kidogo tu cha majirani, na amepewa au amejibunia mfumo wa pointi na zawadi ili watu wabadilike tabia. Nimeishi ndani ya mfumo kama huo hapa Nakivale, nilikuwa mwandishi wa kikundi, daftari zote zilipita mikononi mwangu, na kitu ninachotaka kusema kwa urefu ni hiki: zawadi inaweza kumfanya mtu afanye kazi, hilo sibishi, ila ili umpe zawadi lazima kwanza kuwe na mtu wa kumwona na kuhesabu, na mambo mengi yanayokishika kijiji kisianguke yanafanyika mahali ambapo hakuna anayehesabu. Ukishaanza kuhesabu baadhi yake, yale mengine yanaanza kufa pole pole na hutajua mpaka siku unayahitaji.

Kwa wasioijua, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, na imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 walipokuja Wanyarwanda. Leo kuna sisi Wakongo, kuna Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, na Kiswahili ndicho wengi wetu tunakutania. Hapa mkimbizi hafungiwi ndani ya uzio, sheria ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na familia nyingi zilipewa kiwanja cha kujenga na kulima. Kwa hiyo mtu akija kwako akisema tujenge jamii mpya tangu mwanzo, kila kitu kwa mpango, hiyo haisikiki kama ndoto. Ardhi ipo, watu wapo, na kila mmoja amekimbia kitu kibaya kiasi kwamba anatamani sana kitu kizuri. Hapo ndipo hatari yenyewe inaanzia, juu mtu aliyechoka namna hiyo anakubali mpango haraka.

Kabla ya mradi kuja tulikuwa na mambo yetu. Wakongo tulikuwa na salongo ya Jumamosi, tunatengeneza njia, tunasafisha kisima. Wazee wengine hilo jina walikuwa hawalipendi kabisa, wanakumbuka miaka ya 1970 kule Zaire chini ya Mobutu ambapo salongo ilikuwa lazima, lakini hapa ilikuwa ya hiari na watu walikuja. Wanyarwanda walikuwa na umuganda wao kichwani, Waganda wana bulungi bwansi, zote ni kazi za pamoja za namna hiyo hiyo. Akina mama walikuwa na likelemba, kila wiki mmoja anachukua mchango wa wote. Na wenyeji wetu Wanyankole wana vikundi vya engozi, yaani machela ya kubebea mgonjwa, kila kaya iko ndani ya kikundi, mtu akizidiwa usiku mnakuja mnambeba mpaka barabarani au mpaka kituo cha afya, akifariki mnazika pamoja. Sisi tuliiga kutoka kwao, tukawa na machela yetu. Nataka mkumbuke hayo maana hakuna mtu wa mradi aliyetuuliza kuhusu hata moja, na sisi wenyewe hatukuona kama ni kitu cha kusemea. Ilikuwa maisha tu.

Mradi ulikuja na kijana msomi, mpole, mtu mwenye heshima na nia nzuri kweli, sina neno baya juu yake na jina la shirika lake sitalitaja. Alikuwa amesoma saikolojia. Alikaa na sisi chini ya mwembe akatueleza kuhusu mwanasayansi Mrusi Pavlov na mbwa wake waliokuwa wanatoa mate kwa kusikia tu ishara ya chakula, akatueleza kuhusu Mmarekani B. F. Skinner aliyeweka panya na njiwa ndani ya sanduku, mnyama akibonyeza kitufe chakula kinatoka, basi anabonyeza tena na tena. Akasema tabia yoyote ikifuatwa na kitu kizuri itarudiwa, isipofuatwa na kitu itazimika, na binadamu ni vile vile. Halafu akatuambia kwamba Skinner mwaka 1948 alitoa riwaya inaitwa Walden Two, ndani yake kuna jamii ya watu kama elfu moja wanaishi kwa amani, hakuna pesa, kila mtu anafanya kazi kama saa nne tu kwa siku, analipwa kwa kredi za kazi, na kazi ngumu au chafu ina kredi nyingi zaidi ili watu waichukue. Watoto wanafundishwa kujizuia tangu wadogo, wanapewa pipi asubuhi wanaambiwa wataila mchana kama hawajailamba. Mzee mmoja aliuliza, na viongozi wanachaguliwa vipi? Kijana akasema kuna wapangaji sita na hakuna uchaguzi wa kura, wataalamu ndio wanapanga. Mzee akanyamaza. Ningependa tungebaki kwenye hilo swali siku nzima.

Mfumo wetu ukawa hivi. Kila mwanakikundi alikuwa na kadi. Kulima shamba la pamoja asubuhi, pointi. Kusafisha kisima, pointi. Kuchimba choo, pointi mbili kwa sababu hakuna anayependa. Kuhudhuria mkutano kwa wakati, pointi. Kuchelewa, unakatwa. Mtoto akimchotea maji mzee asiyejiweza, pipi kwa kila jerikeni. Mwisho wa mwezi unakuja stoo na kadi yako unabadilisha na sabuni, chumvi, sukari, mafuta, ukikusanya sana jembe au blanketi. Mimi nilikuwa naandika, na kulikuwa na msimamizi wa muhuri anayepiga kadi.

Na mwanzoni ilifanya kazi, lazima niseme ukweli huo bila kupunguza. Msimu wa kwanza shamba lilikuwa safi kuliko mashamba yote ya jirani, maharage yalitoka vizuri, vyoo vilichimbwa kwa muda mfupi, watu wanafika saa moja kamili. Wageni walikuja kupiga picha. Mimi mwenyewe nilikuwa naamka na furaha, nilihisi tumepata kitu ambacho kule Kivu hatukuwahi kukiona, watu wa makabila ambayo kwetu yanauana wanalima mstari mmoja. Ukiwa ndani ya kipindi hicho hakuna mtu anaweza kukushauri. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kipindi hicho hicho: pale kila kitu kinapokwenda vizuri, tembea uangalie kile ambacho hakina pointi. Nenda kwa wagonjwa. Nenda kwa wazee jioni. Angalia nani anashika watoto wakati mama zao wako shambani. Daftari la pointi litakuambia mambo ni mazuri, juu lenyewe linasoma kile tu ulicholiambia lisome.

Wa kwanza kuumia walikuwa akina mama. Kulikuwa na bibi mmoja tunamwita Koko, alikuwa anakaa na watoto wadogo wa majirani kila asubuhi, anawapikia uji, hakuna aliyemwomba. Alikuwa pia ndiye anaitwa mtu akijifungua ghafla. Kwenye kadi Koko alikuwa na pointi karibu sifuri. Mwisho wa mwezi anaona vijana wanatoka stoo na sukari, yeye anatoka mikono mitupu. Hakulalamika. Ila baada ya muda akaanza kwenda shambani na jembe, kwa umri ule, na watoto wakabaki wanazurura. Tulipomuuliza alisema, "Mwanangu, kama kulea si kazi basi na mimi nitafute kazi." Nilikosa la kumjibu. Tukaongeza pointi za kulea. Sasa kila mama akasema na mimi nalea, wangu watano, na kweli analea, basi ikawa mabishano wiki tatu kuhusu mtoto wa nani anahesabika na wa nani hahesabiki.

Halafu watoto wa maji. Zamani mtoto akitoka kisimani anapita kwa mzee anamwachia kidogo, mama yake ndiye alimfundisha hivyo na akipita bila kufanya anasemwa. Pipi zilipokuja walikimbilia kwa wazee, wazee wakapata maji mengi mpaka wanamwaga. Pipi zilipoisha stoo, wazee wakakaa bila maji kabisa, na nilimsikia mtoto akimwambia bibi yake mwenyewe, "Leo hawatoi." Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili lilishajaribiwa Marekani. Mwaka 1973 mtafiti Lepper na wenzake walichukua watoto wa shule ya chekechea pale chuo kikuu cha Stanford waliokuwa wanapenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti cha kuchora, wengine wakapewa kwa kushtukizwa baada ya kumaliza, wengine hawakupewa. Siku za mbele walipoachwa huru, wale walioahidiwa walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutegemea hawakuharibika. Hiyo ni kitu cha kushika mkononi: asante ya ghafla, baada ya kazi, haina shida. Kinacholeta shida ni kumwambia mtu kabla, fanya hivi nikupe hivi, kwenye kitu ambacho tayari alikuwa anakifanya kwa kupenda au kwa kulelewa.

Lakini kilichonivunja moyo ni machela. Usiku mmoja mama mjamzito alizidiwa, mume wake akapita akiita. Zamani mlio mmoja tu wanaume wako nje. Usiku huo walitoka wachache, walimbeba, mvua inanyesha, wakamfikisha, mama na mtoto wakapona, Mungu mkubwa. Asubuhi wawili kati yao walikuja mezani kwangu na kadi. Hawakuja kwa ubaya, walikuja kama mtu anayefuata utaratibu, kazi ya usiku hii mnaandikaje. Sikuwa na pa kuandika. Nililia baadaye nyumbani, si kwa sababu yao, ni kwa sababu niliona wameelewa mfumo vizuri kabisa, sisi ndio tuliwafundisha kwamba kisicho kwenye kadi hakijafanyika.

Kamati ilikaa, ikaamua kubeba mgonjwa kuwe na pointi tatu. Ilionekana haki. Na hapo mambo yakazidi kuharibika, maana sasa yule aliyebaki kitandani hakuona tena aibu, alikuwa amekosa tu pointi tatu, na pointi tatu anaweza kuzifidia kwa kuchimba choo. Zamani ukikosa kwenye machela watu wanakutazama msibani, na wewe mwenyewe unajiuliza siku yangu nani atanibeba. Tulichukua deni la damu tukaligeuza bei, na bei mtu anaweza kukataa kuilipa akalala vizuri. Kuna utafiti wa Gneezy na Rustichini uliotoka mwaka 2000 unaoonyesha kitu hicho hicho kwenye shule za watoto wadogo mji wa Haifa kule Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, kwenye shule sita kati ya kumi wakaweka faini ya shekeli kumi. Waliochelewa wakaongezeka, karibu mara mbili. Wakaondoa faini, na bado hali haikurudi kama mwanzo. Hilo la mwisho nililisoma mara nyingi, maana sisi pia tuliondoa pointi za machela na watu hawakurudi.

Kuhusu muhuri sitasema sana. Mtu mmoja alichonga muhuri wa kughushi kwenye raba ya ndala. Msimamizi halisi naye akaanza kupendwa sana, anapewa kuku, ndugu zake kadi zinajaa. Tukaweka mtu wa kumsimamia msimamizi, na huyo naye akahitaji pointi. Swali la yule mzee chini ya mwembe lilikuwa limerudi lenyewe. Kwenye riwaya wapangaji hawaibi kwa sababu mwandishi ameamua hawaibi, lakini kijijini anayeshika zawadi naye ni mtu, naye anajifunza tabia kutoka kwa kile anachopata. Nadharia inaeleza tabia ya kila mtu isipokuwa ya yule anayeitumia, yeye imemwacha nje ya sanduku.

Gharama zilikuwa kubwa kuliko tulivyoandika kwenye ripoti. Daftari, kadi, kufuli za stoo, boda ya kwenda Mbarara kununua bidhaa, hizo zinaonekana. Ila muda! Mwishoni mikutano yetu yote ilikuwa ya kusikiliza rufaa za pointi. Salongo ya zamani haikuwa na mkutano wowote, unasikia mluzi unatoka.

Na kila tulipokwama, kijana wetu alikuwa na jibu moja: zawadi bado si sahihi. Labda ni ndogo, labda inachelewa, labda ibadilishwe. Nilimwamini muda mrefu kwa sababu jibu hilo haliwezi kushindwa. Mfumo ukifanya kazi, nadharia ni kweli. Usipofanya kazi, zawadi haikuwa sahihi, nadharia bado ni kweli. Mkisikia jibu la namna hiyo mara ya tatu simamisheni mradi mkae chini. Hata wanafunzi wa Skinner mwenyewe walikutana na ukuta huu. Keller na Marian Breland walikuwa wanafundisha wanyama kwa ajili ya maonyesho, na mwaka 1961 waliandika kwamba nguruwe waliyemfundisha kupeleka sarafu ya mbao kwenye kibubu ili apate chakula alianza vizuri, halafu siku zinavyokwenda akawa anaiangusha njiani, anaifukua kwa pua, anairusha, anaichelewesha, ingawa kwa kufanya hivyo anajinyima chakula. Nguruwe hakuja mtupu, alikuja na unguruwe wake. Na sisi hatukuja watupu Nakivale, tulikuja na salongo, na msiba, na ukwe, na kumbukumbu za Mobutu.

Mradi uliisha kama miradi inavyoisha, barua, hafla kidogo, gari likaondoka. Stoo ikabaki na chumvi kidogo. Nilifikiri kwa vile tabia imeshajengeka watu wataendelea, hivyo ndivyo tulivyoahidiwa, tabia ikizoeleka zawadi inapunguzwa pole pole. Jumatatu ya kwanza walikuja wachache, ya pili wachache zaidi, halafu magugu. Na si kwamba tulirudi pale tulipokuwa kabla, tulirudi nyuma ya pale, maana hata kisima hakikusafishwa na salongo ilikuwa imekufa. Jambo hili pia lilikuwa linajulikana tangu zamani. Miaka ya 1960 watafiti Ayllon na Azrin waliwapa wagonjwa wa akili kwenye hospitali ya Anna, Illinois, kule Marekani, vijitokeni, yaani visarafu vya bandia, kwa kila kazi, wakabadilisha na vitu vizuri, na wagonjwa wakafanya kazi kweli. Walipoanza kupewa zawadi bila kufanya kazi, kazi ikaporomoka. Wao walilichukulia hilo kama ushahidi kwamba tokeni zina nguvu, na ni kweli. Ila kwa mtu anayetaka kujenga jamii ushahidi huo huo unasema kingine, kwamba ndani ya mtu hakuna kilichobaki.

Nilikuwa na hasira mpaka nikaanza kununua bando na kusoma usiku. Nikagundua kuna watu walioijaribu ile riwaya kabisa. Mwaka 1967 kikundi kidogo kilinunua shamba Virginia, Marekani, wakaanzisha jamii inayoitwa Twin Oaks, wakiwa na wapangaji na kredi za kazi kama kitabuni. Ipo mpaka leo, na hilo lilinifundisha zaidi ya yote, kwa sababu haikudumu kwa kufuata kitabu. Mwanzoni kazi zilikuwa na kredi tofauti kulingana na nani anaipenda, baadaye wakaacha, saa moja ya kazi ni saa moja, iwe ya kulima au kupika au kulea mtoto. Na mambo ya kuunda tabia za watu kisayansi yalififia, wakabaki na mazungumzo, taratibu walizokubaliana, na kwa miaka mingi biashara ya kusuka vitanda vya kamba vya kuning'iniza na kutengeneza tofu, chakula cha soya. Nilipofika pale kwamba kulea mtoto ni saa sawa na kulima nilimkumbuka Koko. Skinner mwenyewe hakuhamia kwenye jamii ya namna hiyo, aliendelea na maisha yake ya chuo kikuu.

Sitaki kumwonea. Alisisitiza sana kwamba adhabu haifundishi, inazima tu kwa muda, na zile faini zetu yeye angezikataa. Na njia zake kwenye kitu kidogo kinachojulikana mwanzo na mwisho zinasaidia, nimeona mama akimfundisha mtoto mwenye ulemavu kula mwenyewe kwa hatua ndogo ndogo na pongezi kwa kila hatua, ilikuwa nzuri sana kuona. Mtu anayejaribu kuacha pombe anaweza kusaidika hivyo. Shida ni kuichukua njia ya kufundisha kitendo kimoja na kusema hii ndiyo itajenga taifa. Kitendo kina mwanzo na mwisho, unaweza kukiandika kwenye kadi. Ujirani hauna. Leo unanisaidia, mwaka kesho mwanangu anamsaidia mjomba wako, hakuna anayefunga hesabu, na ikifungwa tu ujirani umekwisha hapo hapo.

Sasa tumefanya nini. Tulikaa kimya karibu mwaka, kila mtu na shamba lake. Akina mama ndio walianza, walirudisha likelemba, bila mimi na bila daftari langu. Kutoka hapo wakaanza kulima kipande kidogo cha pamoja kwa ajili ya misiba tu, maharage ya msiba. Wanaume walipoona wakaja kuomba kuingia, wakaambiwa mtaingia kwa masharti yetu. Machela ilirudi kwa njia nyingine: tulikwenda kwa Wanyankole, tukakaa na wazee wao, tukauliza nyinyi mnafanyaje. Kumbe na wao wana faini! Ukikosa kubeba unalipa. Nilishangaa, nikauliza mbona kwenu haiharibu. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, faini hatuweki kwa ajili ya kutafuta pesa, tunaweka ili ujue tumekuona hukuja, na ukirudia mara nyingi tunakuja nyumbani kukuuliza kama uko na shida gani. Tena faini waliipanga wote wakiwa wamekaa, na hela inanunua machela mpya, haiendi stoo ya mtu.

Kwa hiyo sikatai faini na sikatai zawadi. Ninachoangalia sasa ni nani aliipanga, anaweza kuibadilisha nani, na ikiondolewa leo kitabaki nini. Kama mko mwanzoni kabisa, kabla ya kuandika kanuni hata moja, tumieni wiki kadhaa kuorodhesha yale watu wanafanyiana tayari, na hayo msiyaguse. Pointi, kama lazima ziwepo, ziwekeni kwenye kazi mpya kabisa ambayo hakuna aliyekuwa anaifanya, kwa muda mfupi unaojulikana mwisho wake, na tangazeni mwisho huo siku ya kwanza. Kulea, kuuguza, kuzika, kumpa mgeni maji, hayo yasiingie kwenye kadi kabisa, hata mkiona mtu anaonewa. Anayeonewa msaidieni kwa kukaa kikao na kugawana mzigo, ndivyo tulivyofanya kwa Koko, sasa watoto wanashikwa kwa zamu na vijana wa kiume nao wako kwenye zamu. Iligharimu maneno mengi. Kuna familia mbili zilitoka kwenye kikundi kwa sababu hiyo na hazijarudi mpaka leo, na wale watoto wa pipi, baadhi yao ni vijana sasa, kuwaita kwenye salongo bado ni kazi.

Juzi amekuja mtu mwingine na mradi mwingine, safari hii pointi ziko kwenye simu, hakuna kadi wala muhuri. Hatukumfukuza. Tulimkalisha na akina mama kwanza kabla ya kamati, na wakamuuliza mambo matatu: mwisho wa mradi ni lini, nani kati yetu ataweza kufuta kanuni akiona inaumiza, na wewe mwenyewe ukikosea utakatwa pointi na nani. La kwanza alijibu, tarehe ikaandikwa. La pili amekwenda kuuliza ofisini kwao. La tatu alisema hajawahi kuulizwa, akaomba tukae nalo pamoja, na kikao kiko Jumapili baada ya ibada, wazee wa engozi nao tumewaalika.